Mama Anguka Atafuta Bima

Ukipita chini ya ukumbi wa wastaafu jioni, kabla hujaona mtu utasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Anguka!" Halafu kishindo. Halafu kicheko. Halafu sauti ileile: "Vizuri. Sasa anguka kama mtu anayetaka kuamka."

Mwenye duka la vyuma lililo chini ya ukumbi alishazoea. Vumbi la dari likimdondokea kwenye kaunta hulifuta kwa kiganja na kuendelea kupima misumari. Wateja wageni ndio hushtuka.

"Huko juu kuna ugomvi?"

"Hakuna ugomvi. Kuna Mama Anguka."

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa judo, naye hakulikataa. Asubuhi hadi alasiri alikuwa mfunga plasta katika wodi ya mifupa. Mikono yake ilikuwa mikavu kwa unga wa plasta, kucha zake fupi, na alikuwa na mazoea ya kutazama namna mtu anavyotembea kabla ya kumwitikia salamu. Miaka yote aliyokaa wodini hakuona watu wengi walioumizwa na mchezo. Aliona watu walioumizwa na sakafu: bafu lenye sabuni, ngazi isiyo na taa, kiti cha plastiki alichopandia mtu kubadilisha balbu. Wengi wao walikuwa wameumia kwa namna moja. Wameteleza, wakanyoosha mkono kujizuia, na mkono ukavunjika.

Mama yake mzazi naye alianguka hivyohivyo, bafuni, ndoo ikiwa bado inajaa. Kiwiko kilivunjika, nyonga ikafuata. Hakutembea tena, na baadaye hakuwepo tena.

"Tukijifunza kutembea tunapigiwa makofi," Mama Anguka husema. "Kuanguka tunaachiwa wenyewe, kana kwamba hakutatufika."

Basi yeye, aliyecheza judo tangu usichana, akafungua shule. Watoto jua likianza kupoa, watu wazima baada yao, na Alhamisi peke yake ilikuwa ya wanawake wenye umri mkubwa. Hawa wa Alhamisi hawakuinuana wala kurushana. Walijifunza kukunja kidevu, kulegeza magoti, kuviringika kwa bega na kupiga mkeka kwa mkono mzima ili kishindo kiishie mkononi badala ya nyonga. Mikeka yenyewe aliishona mume wake, fundi makochi: turubai juu, mabaki ya sponji ndani, mshono mara mbili. Ukiinusa kwa karibu, inanuka sebule mpya.

Shule ilikwenda vizuri mpaka siku mgeni mmoja wa arusi alipoteleza kwenye ngazi za ukumbi na barua ya wakili ikafuata. Chama cha wastaafu, wenye ukumbi, wakaingiwa na hofu. Katibu wao, mzee mpole anayevaa kalamu mbili mfukoni, akamwita kila mpangaji.

"Mwanangu," alimwambia Mama Anguka, "kamati imeamua. Kuanzia mwezi ujao hakuna kupewa ufunguo bila bima ya dhima. Ile inayolipa mtu mwingine akiumia kwenye shughuli yako."

"Mzee, hilo mbona jema? Mimi mwenyewe nilikuwa nalitafakari."

"Jema, lakini usichelewe. Mpambaji wa kumbi za arusi amekwisha kuniuliza jioni zako. Huyo karatasi anazo."

Hakuchelewa. Wiki hiyohiyo alikuja wakala wa bima mwenye viatu vinavyong'aa kiasi kwamba hakukubali kuvivua. Kwa kuwa kwenye mkeka hapaingii kiatu, alisimama ukingoni, mkoba kifuani, akitabasamu kwa mbali kama mtu anayesubiri mvua ipungue.

"Dada mkubwa, usihangaike. Ninayo bima itakayokukaa kama nguo uliyopimwa."

"Inamlinda nani?"

"Mtu wa tatu."

"Mtu wa tatu ndiye nani?"

"Wa kwanza kampuni, wa pili wewe, wa tatu yeyote yule anayeumia."

"Mwanafunzi wangu ni wa ngapi?"

Wakala alihamisha mkoba mkono wa pili. "Mwanafunzi, sasa... huyo tunamwita mshiriki. Kaja mwenyewe, kwa hiari yake."

"Kwa hiyo mpita njia akijikwaa kwenye kandambili zetu pale mlangoni, analipwa."

"Kabisa!"

"Na yule niliyemshika mimi kwa mikono yangu miwili, nikamwinua, nikamwangusha, halipwi."

"Dada, swali lako gumu. Ila dawa ipo." Akapunguza sauti. "Tusiandike judo. Tuandike mazoezi ya viungo. Wenzako wote ndivyo wanavyofanya: wa karate, wa ndondi, hata yule wa mieleka. Bima inakuwa nyepesi, na hakuna atakayekuuliza."

"Mtoto akivunjika mtulinga?"

"Tumwombe Mungu asivunjike."

"Hilo naliweza bila wewe. Nakuuliza bima."

"Dada yangu, katibu anataka karatasi, siyo? Atapata karatasi. Ina muhuri, ina rangi mbili."

Mama Anguka alimtazama kutoka viatu hadi tai, kwa macho yale ya wodini. "Vua viatu," alisema taratibu. "Vua, uingie hapa, nikufanyishe hayo mazoezi ya viungo."

Watoto walipasuka kwa kicheko. Wakala alicheka pia, lakini alicheka akielekea mlangoni.

Mama Anguka hakucheka. Alikaa kwenye benchi akifunga na kufungua mkanda wake, kwa hasira iliyomfanya akosee fundo. Alikuwa tayari kulipia bima, na kulipia zaidi ya wengine. Alichoambiwa ni kwamba atalipa, muhuri utagongwa, faili litanenepa, na mtu pekee atakayekuwa nje ya hiyo bima ni yule aliyesababisha itafutwe. Na hilo aliambiwa kwa tabasamu, kama msaada! Na wenzake wote, walimu wanaoshika watoto wa watu kila siku, walikuwa wamening'iniza karatasi hizo ukutani na kulala usingizi.

Kesho yake, kwenye karakana ya mume wake, alilisimulia jambo zima akiwa amekaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, springi zikilia kila alipopandisha sauti.

"Shuka hapo, utanivunjia kazi ya mtu," fundi alisema, misumari midogo ikiwa midomoni. "Sasa utafanyaje?"

"Nitafute kampuni nyingine."

"Na wasipokubali? Mke wangu, chukua ile ya viungo kwa sasa. Tuokoe ukumbi kwanza, ukweli tuutafute polepole."

Lazima isemwe kwamba alilifikiria. Bila ukumbi hakuna Alhamisi. Wale wanawake wangerudi kwenye mabafu yao na mikono yao iliyonyooka. Je, karatasi ya uongo haikuwa bora kuliko mlango uliofungwa?

"Hapana," alisema mwishoni. "Mzazi akiniletea mtoto, huuliza, 'Mwalimu, mna bima?' Nikisema tunayo, nitakuwa nimemdanganya usoni. Wodini nimewafunga plasta watoto huku mama zao wakiuza redio ili walipie matibabu. Siwezi."

"Basi badilisha neno. Badala ya 'anguka' sema 'lala'. Hata watu wa bima hawataogopa."

"Lala! Niwafundishe watu kulala?"

"Mimi mbona nalala bila mwalimu."

Alimrushia kipande cha sponji. Lakini alishuka kwenye kochi akiwa mwepesi kidogo.

Kampuni ya pili ilikuwa na ofisi yenye feni na watu wasioahidi haraka. Waliandika judo bila kupepesa macho, wakasema ada itakuwa kubwa zaidi na kwamba kwanza atakuja mkaguzi kuona mahali. Alifurahi. Mtu anayetaka kuona, alijiambia, ni mtu anayetaka kujua.

Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnyenyekevu, na alivua viatu bila kuambiwa. Soksi moja ilikuwa na tundu, akaificha kwa kukunja mguu. Alikaa pembeni na ubao wake wa kuandikia. Mama Anguka akampa kiti, maji, kisha akamsahau, kwa sababu darasa lilikuwa limechangamka. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote, waliyemwita Bibi Miwani kwa ile kamba nene aliyofungia miwani kisogoni, siku hiyo alikuwa anajaribu kuanguka kinyumenyume kwa mara ya kwanza.

"Naogopa, mwalimu."

"Ogopa, lakini kidevu kikunje. Anguka!"

Bibi Miwani akaanguka. Akaviringika, akapiga mkeka kwa mkono, paa!, akabaki ameukodolea macho mwangaza wa dari.

"Niko wapi?"

"Uko chini, shangazi, na uko mzima!"

Wote walimpigia makofi na vigelegele. Mkaguzi naye aliandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena.

Ripoti yake ilifika siku chache baadaye, na Mama Anguka aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya wodi, ndoo ya plasta miguuni. Ilisema kwamba katika kipindi kimoja mkaguzi alishuhudia ajali za kuanguka zaidi ya themanini. Ilisema mwalimu hakuchukua hatua yoyote kuzizuia, bali alisikika akizihimiza kwa sauti. Ilisema kwamba mwanamke mwenye umri mkubwa alianguka chali mbele ya mkaguzi, na wenzake, badala ya kumsaidia, walishangilia. Mahali pa kuweka tathmini palikuwa na maneno mawili: hatari kupindukia.

Plasta iliganda kwenye ndoo. Alikuwa hajawahi kuiachia plasta igande.

Alikwenda ofisini na sare ya hospitali mwilini, unga mweupe hadi viwikoni, akaipita feni na watu wasioahidi haraka, akafika kwenye meza ya mkaguzi.

"Ajali themanini, kaka?"

"Shikamoo kwanza iko wapi?" mkaguzi alijaribu utani. Akaona uso wake, akaacha. "Keti, mama."

"Sikai. Nani aliumia?"

"Sikuona aliyeumia."

"Nani alilia?"

"Hakuna. Walicheka mno, hata mimi nilicheka."

"Sasa ajali iko wapi? Mtu akipiga mbizi kwenye bwawa, utaandika amezama? Wale hawakuanguka kwa bahati mbaya, wameanguka kwa kujifunza, wameamka, wamekwenda nyumbani kwa miguu yao! Waliokuja kwangu wodini ndio wenye ajali, na hao walianguka mara moja tu!"

Watu wa meza za jirani waligeuka. Mkaguzi alizungusha kalamu vidoleni. Hakuwa mjinga wala mtu mbaya, na hilo lilimuudhi Mama Anguka zaidi, kwa sababu hasira ilikosa pa kutua.

"Mama," alisema polepole, "fomu yangu ina nafasi mbili. Mtu ameanguka, au mtu hajaanguka. Nimekagua maghala, mahoteli, mashule. Huko kote mtu akianguka ni ajali. Nilikaa pale kwako, kila ukisema 'Anguka!' mkono wangu unaandika wenyewe. Nilipofika nyumbani nilijiuliza kama nimeandika nilichokiona. Lakini nafasi ya tatu haipo."

"Basi itengenezeni."

"Si rahisi hivyo."

"Kuwafundisha bibi za watu kuanguka ni rahisi? Itengenezeni. Nitasubiri."

Na kweli alikaa, kwenye kile kiti alichokikataa, akapakata mikono yake myeupe. Mkaguzi aliinuka, akaingia kwa mkubwa wake, akatoka, akarudi na maswali. Nani anatoa huduma ya kwanza? Mikeka inakaguliwa na nani? Watoto wadogo wanarushwa? Mama Anguka alijibu yote, na pale walipomwambia kwamba darasa la watoto limejaa mno na lazima aligawe mara mbili, alikuna kichwa, kwa maana darasa la pili lingemla jioni yake pekee ya mapumziko, kisha akasema sawa. Hilo lilikuwa ombi la haki. Ada haikumfurahisha hata kidogo, lakini nayo aliikubali.

Walipomaliza, mkaguzi alimsomea kifungu kipya kwa sauti: bima itamlinda pia mwanafunzi atakayeumia kwa kuanguka, kuangusha au kuangushwa katika mafunzo.

"Rudia," Mama Anguka alisema.

Akarudia. Maneno matatu, mzizi mmoja, na hakuna mtu wake aliyebaki nje.

Alidhani kazi imekwisha. Alimpelekea katibu wa wastaafu hati ile ndani ya bahasha safi, akasimama kungoja ufunguo. Mzee alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu. Hii inasema watu wataangushwa."

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye ukumbi wa wastaafu!"

"Wanaangushwa humo mwaka wa ngapi huu? Mwenye duka la chini muulize, vumbi lote ni lake."

"Kufanya ni kingine, kuandika ni kingine." Akagonga hati kwa kidole. "Hizi tunazibandika mlangoni. Mtu aje kutafuta ukumbi wa arusi ya binti yake, asome 'kuangushwa', si atakimbia? Tazama wenzako. Yule wa karate kaleta karatasi safi kabisa, mazoezi ya viungo. Ina rangi mbili. Rudi ukawaambie waliondoe hilo neno."

Hapo ndipo hasira yote aliyokuwa ameitawanya, kwa wakala, kwa fomu, kwa sakafu za mabafu, ilipokusanyika mahali pamoja.

"Mzee wangu, nakuheshimu kama baba," alisema. "Lakini hebu niambie. Bima hii mliitaka kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mlango wenu, au kwa ajili ya mfupa wa mtu? Ningeleta uongo ungenipa ufunguo bila hata kuvaa miwani. Nimeleta ukweli, ukweli unanuka! Hiyo ya karate, mtoto akivunjika mkono mle ndani, kampuni itasema sisi tuliandikiwa viungo, hatumjui. Mzazi atatafuta wa kumshtaki. Atamkuta mwalimu hana kitu. Atapandisha macho, ataona jina la chama chenu juu ya mlango. Ile barua ya wakili mliyoipata kwa ngazi moja tu, mtapata nyingine, tena nzito. Na mtastahili."

Katibu alichukua karatasi ya karate kwenye faili, akaiweka kando ya hati ya judo, akasoma zote mbili kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho wa ile ya rangi mbili, alirudi juu tena, kama mtu aliyepoteza kitu njiani.

"Hapa kweli hayupo mwanafunzi," alisema kwa sauti ndogo.

"Hayupo."

"Na huyu wa karate nilishampa ufunguo."

"Ulishampa."

Alivuta droo, akatoa ufunguo wa Mama Anguka, akausukuma mezani. Kisha akaitia hati ya judo ndani ya droo ileile.

"Lakini mlangoni sitaibandika. Hilo kamati haitakubali, hata uniangushe mimi."

Angeweza kushukuru na kuondoka. Aliuchukua ufunguo, lakini hakushukuru. "Nina nakala," alisema, akatoka.

Ilikuwa Alhamisi. Wanawake wake walikuwa wamekaa kwenye ngazi, mabegi mapajani, wakimngoja. Walikuwa wamekwisha kusikia habari za mpambaji wa arusi. Waliposikia ufunguo ukiingia kitasani waliinuka wote kwa pamoja, kila mmoja kwa magoti yake. Mama Anguka aliingia, akavua viatu, akatandika mikeka kwa nguvu kupita kawaida, mmoja mmoja, mpaka mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio. Kisha akaibandika nakala ya hati ukutani, si mlangoni bali mbele ya mikeka, chini, usawa wa macho ya mtu aliyekaa sakafuni.

Bibi Miwani alikaa mbele yake, akakaza kamba ya miwani, akasoma kwa sauti hadi alipofika kwenye yale maneno matatu.

"Kumbe sisi tumo?"

"Mmo."

"Wanaoangusha na wanaoangushwa, naona. Lakini sisi wa Alhamisi hatuangushi mtu wala hatuangushwi, mwalimu. Tunaanguka tu wenyewe."

Mama Anguka alichuchumaa kando yake. Uso ulikuwa bado wa moto, na kesho alikusudia kwenda kwa mwalimu wa karate kumwambia alichokiona, apende asipende. Akaweka kidole chenye unga mweupe juu ya karatasi.

"Ninyi ndio neno la kwanza, shangazi. Soma tena."